CHAKULA CHA KUKU: UNGA, CHENGA AU PUNJE NZIMA?

Kuku hana meno. Jambo hili kila mtu analijua, hata mtoto mdogo. Lakini tunalisahau tunapowapa kuku wetu chakula. Tunauliza: "Niwape nini?" Ni mara chache tunauliza: "Niwape kikiwa namna gani?"

Mahindi ni mahindi. Lakini mbele ya kuku, mahindi mazima, mahindi yaliyoparazwa na unga wa mahindi ni vitu vitatu mbalimbali. Kifaranga wa siku tatu anaweza kufa kwa njaa huku amesimama juu ya rundo la mahindi mazima. Kuku mkubwa naye akipewa unga laini kama wa ugali, unamganda mdomoni, na mwingine unapeperuka na upepo.

Mimi ni bwana mifugo. Eneo langu la kazi liko katika mikoa ya kati, kwenye mtama, uwele na alizeti. Huku kuku ndio benki ya nyumba nyingi. Kuku wa Singida wanajulikana mpaka masoko ya Dar es Salaam. Mtoto akitakiwa kununuliwa daftari, kuku anakamatwa. Mgonjwa akipelekwa zahanati, kuku anauzwa. Kwa hiyo kifaranga anapokufa, ujue kwamba fedha ya nyumba imekufa.

Katika vijiji vingi, zaidi ya nusu ya vifaranga wanaototolewa hufa kabla ya kutimiza wiki nane. Wengine huchukuliwa na mwewe na kicheche. Wengine huuawa na mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Lakini wapo wengi wanaodhoofika polepole kwa sababu chakula kipo ila hawawezi kukila. Hao ndio ninaotaka tuwazungumze mwezi huu.

MDOMO, GOLE NA FIRIGISI

Tuanze na mwili wa kuku wenyewe.

Kuku hudonoa punje na kuimeza nzima. Punje hiyo hushuka mpaka kwenye gole. Gole ni kile kifuko kilicho chini ya shingo, juu ya kifua. Hapo chakula hulowana kwa maji. Baadaye huteremka mpaka kwenye firigisi, na firigisi ndiyo jiwe la kusagia la kuku. Ni nyama ngumu yenye nguvu. Ndani yake mna vijiwe ambavyo kuku amevimeza. Nyama inakaza na kulegea, vijiwe vinasaga, na punje inakuwa uji.

Ukichinja kuku anayetembea ukapasua firigisi yake, utavikuta vijiwe hivyo. Usidhani kuku huyo alikuwa mjinga wa kula mawe. Bila vijiwe hawezi kusaga mtama mzima vizuri.

Sasa mwangalie kifaranga. Mdomo wake ni mdogo. Firigisi yake bado ni changa, haina nguvu. Vijiwe hana, au anavyo vichache kama mchanga. Kwa hiyo kazi ya kusaga ambayo kuku mkubwa anaifanya tumboni, wewe mfugaji lazima uifanye kwa kinu, kwa jiwe au kwa mashine, kabla hujampa.

Kuna jambo jingine. Kuku hachagui sana chakula kwa ladha kama sisi. Huchagua kwa macho. Anaangalia ukubwa wa punje, umbo lake na rangi yake. Ukimwekea mchanganyiko, atadonoa kwanza vipande vikubwa anavyoviona vizuri. Vumbi litabaki chini. Na katika vumbi hilo mara nyingi ndimo ulimo unga wa dagaa, chumvi, unga wa mifupa na vitamini ulizonunua kwa fedha yako.

UNGA WA KUKU SI UNGA WA UGALI

Wafugaji wengi wanaochanganya chakula nyumbani hupeleka mahindi mashineni na kuyasaga pamoja na ya ugali. Hapa ndipo penye hasara. Unga laini huganda kwenye mdomo wa kifaranga. Akienda kunywa, anausuuza katika maji, na maji yanachafuka na kuchacha. Unga huo pia ni vumbi. Kuku waliofungiwa huuvuta puani siku nzima.

Ukienda mashineni, mwambie fundi: "Niparazie, usinisagie." Ndani ya mashine ya kusaga mna bati lenye matundu. Matundu madogo hutoa unga wa ugali. Matundu makubwa hutoa chenga. Fundi anaweza kulibadili bati hilo kwa muda mfupi. Akikataa kwa sababu mzigo wako ni mdogo, kusanyikeni wafugaji watatu wanne mpeleke pamoja. Na kama mashine iko mbali, kinu na mchi vinatosha kwa vifaranga wa nyumba moja. Twanga, pepeta, chukua chenga.

Chenga ziwe na ukubwa gani? Kwa kifaranga wa wiki nne za kwanza, kipimo changu ni punje ya ulezi. Chenga zisizidi hapo sana. Akifika wiki ya tano na kuendelea, chenga za ukubwa wa uwele zinamfaa. Kuanzia miezi miwili hivi anaanza kumudu mtama mzima. Kuku mkubwa anameza mahindi mazima bila taabu, hasa akiwa amezoea kutembea na kuokota vijiwe.

Nikupe mchanganyiko mmoja wa vifaranga ambao unaweza kuutengeneza nyumbani. Ni wa kilo 10. Chukua mahindi yaliyoparazwa kilo nne na nusu, au mtama mweupe kiasi hichohicho. Tia pumba laini za mahindi kilo moja na robo. Tia mashudu ya alizeti kilo mbili na nusu, yaliyotwangwa. Tia dagaa waliosagwa kilo moja na nusu. Tia unga wa mifupa robo kilo. Chumvi ni kijiko kimoja cha mezani, nao kama dagaa wako ni wa chumvi, usitie chumvi nyingine. Ukiweza kupata vitamini za kuku dukani, ongeza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kwanza changanya vitu vya kiasi kidogo na pumba kidogo pembeni: chumvi, mifupa na vitamini. Ndipo uvimwage katika rundo kubwa na kulipindua kwa koleo mara tatu au nne. Ukivitupa vyote pamoja, chumvi itakaa mahali pamoja, na kifaranga atakayeipata hiyo atakuona adui.

Dagaa nao wana hila zao. Wengine sokoni wamejaa mchanga, na wewe unalipia mchanga kwa bei ya samaki. Chukua kiganja kimoja cha dagaa waliosagwa, utie katika bilauri ya maji, koroga, subiri kidogo. Mchanga utazama chini na utauona. Ukiwa mwingi, mrudishie mwenyewe.

MFUKO WA MAMA MMOJA

Mama mmoja wa kijiji kimoja katika eneo langu alikuwa na vifaranga 23 wa wiki mbili. Aliuza mitetea mitatu ili awanunulie chakula cha dukani. Alikwenda mjini kwa basi. Muuza duka akamwambia chakula cha kuku ni chakula cha kuku, akampa mfuko. Mama hakuwa amejifunza kusoma wakati huo. Akaubeba.

Baada ya siku tano aliniita. "Bwana mifugo, nimewapa chakula cha dukani, cha fedha nyingi, mbona wananyong'onyea? Sita wamekufa."

Niliingia bandani. Chombo cha chakula kilikuwa kimejaa. Vifaranga walikuwa wamejikunyata kando yake, mabawa yameshuka. Nilimkamata mmoja nikapapasa gole lake. Lilikuwa tupu kama mfuko wa shati. Nikakamata wa pili, wa tatu. Matupu.

"Mama," nikamwambia, "hawa hawajala."

"Hawajala vipi, na chakula hicho hapo?"

Nilichota chakula kile mkononi. Kilikuwa vipande vigumu vya mviringo, vimekatwa kama vipande vya kamba, unene wa njiti mbili za kiberiti zikiwekwa pamoja. Kifaranga wa wiki mbili hawezi kuvimeza. Nikausoma mfuko. Ulikuwa umeandikwa kwamba ni chakula cha kuku wanaotaga.

Mama akasema basi atavitwanga. Nilimzuia. Kwa sababu hapo palikuwa na kosa la pili, ambalo kinu hakiwezi kuliondoa. Chakula cha kuku wanaotaga kina madini ya chokaa mengi mno. Katika kila kilo 100 za chakula, madini hayo ni karibu kilo tatu na nusu mpaka nne, kwa ajili ya ganda la yai. Kifaranga anahitaji kama kilo moja tu. Inayozidi humharibu figo.

Tulifanya hivi. Jirani yake alikuwa na kuku chotara wanaotaga. Alichukua mfuko ule, na badala yake akampa mama mahindi, mashudu na dagaa. Tuliparaza jioni ileile. Vifaranga wawili zaidi walikufa usiku, walikuwa wamechoka mno. Waliobaki 15 walikua. Mwaka uliofuata yule mama alijiandikisha katika darasa la kisomo la kijiji. Aliniambia anataka ausome mfuko mwenyewe.

KUSOMA MFUKO

Wewe unayesoma gazeti hili tayari unaweza kufanya hivyo. Shida ni kwamba mifuko mingi ina maneno ya Kiingereza. Yasikutishe. Maneno unayoyahitaji hayafiki kumi. Yaandike kwenye kipande cha karatasi, uende nacho dukani.

Neno STARTER maana yake ni chakula cha kuanzia, cha vifaranga. GROWER ni cha kuku wanaokua, tangu miezi miwili hivi mpaka wakaribie kutaga. LAYERS ni cha kuku wanaotaga. BROILER ni cha kuku wa nyama, wale weupe wa kisasa wanaokua haraka. Maneno haya yanakuambia chakula ni cha nani.

Kisha tafuta neno la pili, linalokuambia chakula kina umbo gani. MASH ni unga wa chengachenga. PELLETS ni vile vipande vilivyoshindiliwa nilivyokueleza. Siku hizi wafugaji wanaviita pelleti. CRUMBLES ni pelleti zilizovunjwavunjwa zikawa chenga.

Lazima maneno yote mawili yakufae. Ukisoma moja ukaacha la pili, unaweza kuupata mfuko wa yule mama.

Mwisho angalia tarehe ya kutengenezwa. Kama mfuko hauna tarehe, au muuzaji anakupimia kutoka katika gunia lililo wazi, omba kuona, omba kunusa. Usione haya. Fedha ni yako.

JE, PELLETI NI BORA KULIKO UNGA?

Nimeulizwa swali hili mara nyingi. Wengi wanadhani pelleti ni bora kwa sababu ni ghali na zinang'aa. Jibu linategemea kuku wako wanaishije.

Kiwandani, unga uliokwisha kuchanganywa hupashwa moto kwa mvuke, kisha hushindiliwa kupita katika matundu ya chuma. Kila pelleti ina mahindi, samaki, chumvi na vitamini ndani yake. Kuku hawezi tena kuchagua. Hata akitaka mahindi peke yake, lazima ameze vyote. Pia pelleti hazipeperuki, na ikidondoka moja chini kuku huiona na kuiokota. Hizo ni faida za kweli.

Lakini kuku aliyefungiwa akila pelleti hushiba upesi. Muda unaobaki hana kazi. Kuku asiye na kazi huanza kudonoa manyoya ya mwenzake, na damu ikionekana wote humwendea yule mmoja. Unga humchukua muda mrefu zaidi, naye anakuwa ameshughulika. Kwa hiyo kwa mfugaji wa kijijini mwenye kuku 20 au 30 wa kutaga bandani, mimi napendelea unga wa chengachenga uliochanganywa vizuri. Ni rahisi zaidi kwa bei, na unaweza kuutengeneza mwenyewe.

Ili kuku wasikuachie vumbi, fanya jambo moja dogo. Usiongeze chakula kipya kila unapoona vumbi limebaki. Waache wamalize mpaka chini, mara moja kwa siku, kabla hujaongeza. Wakiona hakuna kingine, watalila.

Tena usijaze chombo mpaka juu. Chombo kikijaa, kuku hukiparua kwa mdomo na kumwaga. Jaza theluthi moja tu. Kinyanyue kiwe sawa na mgongo wa kuku. Mwanzi uliopasuliwa katikati unatosha, na juu yake weka ufito unaozunguka ili kuku asisimame na kunya ndani. Sijaona dawa ya kupunguza gharama ya chakula iliyo rahisi kuliko hii, na bado nikizunguka vijijini nakuta vyombo vimejaa pomoni.

Chenga za pelleti ni nzuri kwa vifaranga, kama zipo dukani na kama mfuko wako wa fedha unaruhusu. Kama hauruhusu, unga wako wa chenga za ukubwa wa ulezi utafanya kazi hiyohiyo.

KUKU ANAYETEMBEA

Wengi wenu hamfungii kuku. Asubuhi mnafungua, jioni wanarudi. Kuku wa namna hii hamhitaji kumnunulia mfuko. Huko nje hupata majani mabichi, wadudu, mchwa na mbegu. Mara nyingi anachopungukiwa ni nguvu, hasa wakati wa kiangazi majani yakikauka na wadudu wakipotea.

Kuku huyu mpe punje nzima. Usimsagie. Anayo mashine yake tumboni, na vijiwe huokota mwenyewe. Kiganja kimoja cha mtama, uwele au mahindi kwa kila kuku mkubwa kinatosha kwa siku. Mpe jioni. Hapo utapata faida mbili: punje husagwa polepole usiku naye hulala na chakula, tena kuku hujifunza kurudi nyumbani mapema kabla ya kicheche kutoka. Ukiwaita kila siku kwa sauti ileile, baada ya wiki moja watakuja mbio.

Ukitaka mayai zaidi, ongeza mashudu kidogo au dagaa kidogo. Waweke katika chombo chao, mbali na nafaka. Kuku mkubwa akiwa na punje upande mmoja na chakula cha kujenga mwili upande mwingine hujua kujipimia.

Lakini kumbuka vifaranga wanaotembea na mama yao. Ukimwaga punje jioni, kuku wakubwa humaliza zote, na mama huyohuyo huwasukuma watoto. Watengenezee kizimba chao cha kulia. Chukua tenga kuukuu, au funga vijiti, uache nafasi za vidole vitatu. Vifaranga hupita, mama hapiti. Humo ndani weka chenga zao na maji. Kifaranga mmoja wa kienyeji hula kilo moja na nusu mpaka mbili tu kwa wiki zote nane za kwanza. Kwa vifaranga kumi ni kilo 15 mpaka 20. Linganisha gharama hiyo na bei ya mitetea kumi, halafu amua.

Kuku uliowafungia, na bado unawapa punje nzima, wawekee changarawe katika kopo. Ziwe za ukubwa wa punje ya mtama. Bila changarawe, nafaka nzima itapita tumboni haijasagika vizuri.

CHOKAA YA MAYAI NAYO INA UMBO

Yai hukaa ndani ya kuku zaidi ya siku nzima, na ganda hujengwa kwa muda mrefu, sehemu kubwa usiku, wakati kuku amelala na hali chochote. Madini ya ganda yatatoka wapi saa hizo? Unga laini wa chokaa hupita upesi tumboni. Lakini vipande vya ukubwa wa changarawe hukaa ndani ya firigisi na kuyeyuka polepole mpaka asubuhi. Kwa hiyo kuku wanaotaga wawekee vipande, wajichukulie wenyewe. Watu wa pwani wana makombe na maganda ya chaza. Sisi wa bara tuna maganda ya konokono na maganda ya mayai. Maganda ya mayai yakaange kidogo kwanza, kisha yavunje yasifanane tena na yai. Ukiwapa nusu ya ganda kama lilivyo, utawafundisha kula mayai.

CHAKULA CHA MAJIMAJI

Wapo wanaochanganya unga na maji. Si vibaya. Kuku huupenda, na vumbi hukamatana na chenga kwa hiyo hakibaki kitu. Lakini usitengeneze uji. Tia maji kidogo, ufinyange kiganjani. Ukishikana, kisha ukimeguka unapoufungua mkono, basi ni sawa. Wape kiasi wanachoweza kumaliza kwa saa moja. Kinachobaki kitoe, chombo kioshe. Katika joto letu unga uliolowana huchacha siku hiyohiyo.

Kama unawapa chakula kikavu, maji lazima yawepo mchana kutwa. Kuku hunywa maji mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Maji yakiisha saa nne asubuhi, anaacha kula, hata chakula kiwe kizuri namna gani.

MAHINDI YALIYOOZA

Nimesikia mara nyingi watu wakisema: "Haya yameota kuvu, tuwape kuku." Ndugu msomaji, acha kabisa. Kuvu hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Hata ukiosha, hata ukipika, sumu haiishi.

Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa miezi michache. Wataalamu hawakujua ni ugonjwa gani. Walipochunguza waligundua kwamba bata hao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye kuvu, yaliyotoka Brazil. Ndivyo dunia ilivyoijua sumu hii. Na si ya ndege peke yao. Mwaka 2016, hapa kwetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Kuku asipokufa, hudumaa na kupunguza kutaga, na sumu kidogo inaweza kuingia katika mayai na maini unayokula wewe.

Hapa pia umbo la chakula lina maana. Punje nzima ina ganda linaloikinga. Ukiiparaza, umeivua nguo. Unyevu na kuvu huingia upesi. Kwa hiyo weka akiba yako ikiwa punje nzima, iliyokauka vizuri. Paraza ya wiki mbili au tatu tu, isizidi mwezi. Mfuko uweke juu ya chaga, mbali na ukuta, na mahali ambapo paa halivuji. Mashudu yaliyoshikana mabonge, yenye rangi ya kijani au harufu ya uvundo, yafukie.

KUBADILI CHAKULA

Usibadili chakula kwa siku moja. Kuku akiona umbo asilolijua, anaweza kukaa karibu siku nzima bila kula, na anayetaga hupunguza mayai. Changanya. Siku mbili za kwanza, sehemu tatu za chakula cha zamani na moja ya kipya. Siku mbili zinazofuata, nusu kwa nusu. Halafu moja kwa tatu. Baada ya wiki moja wanakuwa wamezoea.

Kumbuka pia kwamba chakula kizuri hakizuii mdondo. Chanjo ya matone ya jicho itolewe kila baada ya miezi mitatu. Muulize bwana mifugo wa kata yako siku atakayokuja.

Leo jioni, kuku wakiisha kuingia bandani, chukua taa uende ukawakamate wachache, mmoja mmoja, wakubwa kwa vifaranga. Papasa gole. Kama limejaa na ni laini kidogo ukilibonyeza, kuku huyo amekula na amekunywa. Kama limejaa na ni gumu kama jiwe, maji hayakutosha. Kama ni tupu, basi kesho asubuhi kaa karibu na chombo cha chakula kwa muda, utazame ni nani anakula, ni nani anasukumwa, na kitu gani kinabaki chini.